Dirisha la chumba cha mitambo studio: jinsi ya kulijenga sauti isipenye (hatua kwa hatua)

Wadau wa studio za mtaani, hili swali la dirisha kati ya chumba cha mitambo na buthi linaulizwa kila siku afu jibu linakuwa lilelile, "weka vioo viwili uvilaze", yaani uviinamishe kidogo. Haitoshi, na hiyo ya kulaza nitaisema huko chini. Naongelea nyumba zetu za tofali, chumba kimoja produsa na mitambo yake, cha pili msanii na maiki.

Ila kabla hujamwita fundi jiulize kama unalihitaji kweli. Dirisha ndo sehemu dhaifu ya ukuta: chukua ukuta unaozuia desibeli 50 (kipimo cha ukubwa wa sauti), toboa asilimia 10 ya eneo lake uweke kioo kinachozuia 30, ukuta wote sasa unazuia kama 40 tu. Kama umepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kubomoa, weka kamera ndogo buthini na skrini mezani, hela inayobaki ipeleke kwenye mlango. Kwa anayerekodi bendi ni kesi nyingine, pale mpiga ngoma na mpiga gitaa wanapeana ishara kwa macho na wewe unatakiwa uwaone wote, skrini itakuchosha.

Hatua ya 1: anza na kuta

Kila kioo kiwe na ukuta wake. Kama kati ya vyumba kuna ukuta mmoja wa tofali, jenga wa pili, hata wa mbao na jipsamu tabaka mbili, na usiuguse wa kwanza popote. Afu kila ukuta uwe na fremu yake. Fundi seremala atataka kukutengenezea boksi moja zuri la mninga linalopita kuta zote mbili, mkatalie kwa heshima, maana hiyo mbao inabeba mtikisiko toka ukuta huu mpaka ule na vioo vyako vya bei vinakuwa pambo. Acha mwanya wa kama sentimita 1 kati ya fremu na fremu, ufunike kwa kitambaa cheusi.

Hatua ya 2: saizi na mahali

Produsa akikaa macho yako kama mita 1.2 toka sakafuni, msanii akisimama ni 1.5 mpaka 1.7. Kwa hiyo anzia mita 1, ishia 1.9, upana 1.2, inatosha kabisa. Wengi wanaliweka mbele katikati ya spika, sawa, ila spika zisisimame mbele ya kioo chenyewe. Ukiliweka pembeni fanya hivi: kaa kwenye kiti chako cha kazi, mtu apitishe kioo cha kujitazamia ukutani, pale utakapoiona spika ndani ya kile kioo usiweke dirisha, sauti itagonga hapo na kukurudia sikioni.

Hatua ya 3: vioo na nafasi ya hewa

Hapa ndo penyewe, msipasome haraka. Vioo viwili na hewa ya katikati vinacheza pamoja kama springi, kuna noti moja ambayo vinaipitisha kirahisi kuliko zingine zote, na kazi yako ni kuishusha hiyo noti iwe chini kabisa. Vioo viwili vya mm 6 vyenye nafasi ya mm 12, kama vile vya dirisha la dabo la ofisini, noti yake iko karibu hezi 200 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde, zikiwa chache noti iko chini), yaani katikati kabisa ya sauti ya mwanaume. Sasa weka kioo cha mm 12 upande mmoja na mm 8 upande wa pili, nafasi sentimita 15, inashuka mpaka kama 45. Uzito na umbali, basi, hamna uchawi mwingine.

Kwa nini unene tofauti? Kila kioo chenyewe kina noti yake nyingine ya juu kinapovuja, mm 12 ni karibu hezi 1000, mm 8 karibu 1500. Vikilingana vinavujia palepale vyote.

Chukua lamineti, ile yenye plastiki katikati kama kioo cha mbele cha gari, ile plastiki inaua mlio. Na usidanganywe kuongeza kioo cha tatu katikati, unakuwa umegawa hewa yako vipande viwili vyembamba na besi inapita zaidi.

Hatua ya 4: kulaza au kutolaza

Kulaza kioo hakuzuii sauti kupenya. Kunasaidia mwanga wa taa usikupige machoni na sauti ya spika iende chini badala ya kukurudia, hayo tu. Kioo cha urefu wa sentimita 90 ukikilaza nyuzi 6 kinakula karibu sentimita 9 za nafasi yako upande mmoja, na wewe ulikuwa na 15. Mi naacha wima, taa ndo nazihamisha.

Hatua ya 5: kufunga

Tafuta watu wawili, kioo cha mm 12 cha saizi hii kina kilo 32 hivi. Kikalie vipande vya mpira, kisiguse mbao pande zote nne. Silikoni iwe nyutro, ile inayonuka siki inakula plastiki ya lamineti kwenye kingo. Kuta za ndani ya ile nafasi zibandike rokiwuli (sufi ya mawe) au sponji, funika kitambaa cheusi. Weka na pakiti za silika jeli, zile za kunyonya unyevu, hasa sisi wa pwani, jasho la AC likitoka katikati ya vioo hutalifuta.

Kioo cha mwisho usikigandishe moja kwa moja, kishike kwa mbao nyembamba za skrubu na utepe wa mpira. Futa vizuri kabla hujafunga, kidole cha fundi huwa kinabaki ndani kinakuangalia.

Hatua ya 6: jaribu

Usiku, zima taa zote, mwenzako amulike tochi kuzunguka fremu upande wa pili, ukiona mwanga hapo na sauti inapita. Afu pigeni muziki buthini, upitishe sikio taratibu kwenye kingo. Kama kingo zimetulia na bado unasikia, achana na dirisha, kaangalie chini ya mlango na lile tundu la nyaya za maiki.