Jinsi ya Kutumia SHA Pamoja na Bima ya Afya ya Kazini Nchini Kenya

Mfanyakazi wa Kenya ambaye mwajiri amemkatia bima ya matibabu katika kampuni ya kibinafsi hukatwa pia mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, na sheria haimruhusu kujiondoa kwa sababu tayari ana kadi nyingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, yaani mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, mchango huo ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi na usio na kiwango cha juu. Anayepata 60,000 hukatwa 1,650, na anayepata 500,000 hukatwa 13,750. Si pesa kidogo, na kwa maoni yangu asiyezitumia huwa amekosea hatua mojawapo kati ya zinazofuata, hasa mbili za kwanza.

Anza kwa kujisajili mwenyewe, hata kama umekatwa mchango tangu siku ya kwanza. Kukatwa pesa hakumaanishi umesajiliwa, wala uanachama wa zamani wa NHIF haukuondoi wajibu wa kujisajili upya. Piga *147# kwenye simu yako au fungua tovuti ya Afya Yangu, weka nambari ya kitambulisho cha taifa, kisha uthibitishe kwa nambari ya siri itakayotumwa kwenye simu. Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako na unayotarajia kubaki nayo, kwa kuwa mawasiliano ya baadaye yatapitia hapo. Asiyeweza kufanya hivyo kwa simu anaweza kwenda kwenye kituo cha Huduma, yaani cha huduma za serikali, akiwa na kitambulisho.

Hatua ya pili ni kuongeza wategemezi, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Orodha uliyompa afisa wa wafanyakazi ulipoajiriwa ni ya kampuni ya bima peke yake. Haifiki SHA, na ya SHA haifiki kwa kampuni. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka huu lazima aandikishwe mara mbili, kila mahali kwa hati zinazotakiwa, na mara nyingi cheti cha kuzaliwa ndicho kinachohitajika kwanza. Mke au mume husajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe ndipo aunganishwe na wewe, na kama naye ameajiriwa ataendelea kukatwa mchango wake. Wazazi wako hawawezi kuingia chini ya jina lako katika SHA hata kama bima ya kazini inawakubali; wao hujisajili wenyewe kama kaya yao.

Baada ya hapo, hakikisha mchango unafika. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ya mwezi kabla ya siku ya 9 ya mwezi unaofuata kupita. Ingia kwenye akaunti yako ya Afya Yangu ulinganishe na stakabadhi ya mshahara. Ukiona pengo, mwandikie afisa wa wafanyakazi kwa barua au baruapepe, usiishie kumweleza kwa mdomo. Katika stakabadhi hiyohiyo, angalia kwamba mchango wa SHA umeondolewa kabla ya kukokotolewa ushuru wa mapato, kwa kuwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 inaruhusu hivyo.

Sasa soma mkataba wa bima ya kazini, au uombe nakala yake, maana kijitabu cha wanachama mara nyingi hufupisha mno. Tafuta sehemu inayoeleza nani hulipa kwanza. Mikataba mingi ya Kenya husema kwamba mwanachama anapolazwa, SHA italipa sehemu yake, na kampuni italipa kilichobaki. Mkataba ukiwa hivyo, mtu asiyesajiliwa SHA anaweza kudaiwa sehemu hiyo kutoka mfukoni mwake.

Chukua mfano wa kujifungua kwa upasuaji. SHA hulipa shilingi 30,000, na kwa kujifungua kwa njia ya kawaida 10,000. Tuseme bili ya hospitali ni 180,000 na bima ya kazini ina kikomo cha uzazi, yaani kiasi cha juu inachoweza kulipa, cha 150,000. Bila SHA, familia italipa 30,000 kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. SHA ikiwa imetumika, bili inakamilika bila nyongeza. Hata pale ambapo kikomo kinatosha, kila shilingi inayolipwa na SHA hubaki katika kikomo chako cha mwaka, na huo si mzaha kwa mwenye mgonjwa wa muda mrefu nyumbani.

Ili hesabu hiyo ifanyike, hospitali lazima iwe na mkataba na SHA na pia iwe katika orodha ya kampuni yako. Uliza mambo hayo mawili kabla ya kulazwa ikiwa si dharura. Ukifika, onyesha kadi ya bima pamoja na kitambulisho, na useme waziwazi kwenye dawati la mapokezi kwamba unataka SHA itumike, kwa kuwa idhini huombwa mapema na ni vigumu kuirudia mgonjwa akishatoka. Kabla ya kutia sahihi bili ya mwisho, tafuta mstari unaoonyesha kiasi kilichoondolewa kwa jina la SHA.

Kwa matibabu madogo yasiyohitaji kulazwa, zahanati na vituo vya afya vya umma hulipwa na Hazina ya Afya ya Msingi, na aliyesajiliwa hapaswi kutozwa. Homa ya mtoto haina haja ya kula kikomo chako cha kampuni.

Ukiacha kazi, bima ya kampuni kwa kawaida hukoma pamoja na ajira, huku usajili wako wa SHA ukibaki ila mchango ukisimama. Ingia Afya Yangu au *147#, badilisha hali yako ya ajira, ujibu maswali ya tathmini ya uwezo wa kaya, kisha ulipe kiasi utakachopewa. Kiasi hicho hukokotolewa kwa mwaka mzima, kisichopungua shilingi 3,600, hivyo ni vyema kukitenga kutoka katika malipo yako ya mwisho.