Umeme wa sahani kwa mfuniko wa sufuria

Tuelewane kwanza: hii jenereta ndogo, sahani ya metali inayozunguka juu ya sumaku ikatoa umeme, haichaji simu. Hapa Mwanga, Kigoma, kila kijana anayepita kibandani kwangu akaona kitu kinazunguka huuliza hilo hilo. Sahani moja hutoa milivolti chache tu, kwa hiyo tafuta mita ya dijitali yenye skeli ya milivolti 200. Balbu usihangaike nayo.

Aliyeanza ni Michael Faraday, Uingereza, mwaka 1831: sahani ya shaba inazunguka kwenye sumaku, waya mmoja unagusa ekseli, mwingine ukingo. Sisi tutatumia mfuniko bapa wa alumini, maana shaba kwa wauza skrepa bei yake si ya kuchezea.

Ng'oa kishikio, tafuta kitovu kwa bikari, toboa, kisha pitisha bolti ndefu ya shaba ya njano na kuikaza kwa nati juu na chini. Bolti ya chuma itavutwa na sumaku, tena itakupunguzia umeme. Sumaku toa kwenye spika iliyokufa, ile pete nyeusi; bandua bamba zake za chuma taratibu, inavunjika kirahisi. Igandishe kwa gundi kwenye ubao. Mfuniko ukae juu yake milimita mbili tatu, mkia wa bolti uzame katikati ya tundu bila kugusa, kichwa kibanwe na drili ya betri. Kingo kali zipige tupa, na vaa miwani.

Burashi ni waya laini wa nyuzi nyingi, uliochunwa na kutandazwa kama ufagio. Mmoja uguse bolti, mwingine uso wa mfuniko, na ncha zao za pili ziende kwenye mita. Pale unapopita piga msasa kwanza, kwa kuwa alumini ina utando usiopitisha umeme.

Sasa utamu wenyewe. Zungusha, halafu sogeza burashi inayogusa mfuniko polepole kutoka katikati kwenda nje. Ukishapita tundu la sumaku, namba kwenye mita inapanda mpaka usawa wa ukingo wake wa nje. Ukipita hapo inaanza kushuka, kwa sababu nguvu ya sumaku huko inarudi kwa upande wa kinyume na kula ile ya ndani. Ndiyo maana mfuniko wa sufuria ya pilau ya harusi haukuongezei kitu.

Mota ya drili nayo huichezea mita, basi ondoa sumaku uone inasoma ngapi. Kisha irudishe, geuza mzunguko: alama ya kutoa (−) itajitokeza au itatoweka kwenye mita. Pindua sumaku, itageuka tena.

Mwisho fanya jaribio lililowaumiza watu vichwa tangu enzi za Faraday. Zungusha sumaku peke yake, mfuniko umetulia: sifuri. Igandishe kwenye mfuniko vizunguke pamoja, burashi zikiwa zimetulia: umeme upo. Ukiwa na kijana wa kidato cha nne karibu, muulize kwanza anategemea nini, ndipo ubonyeze drili.