Kurekodi shairi kwa simu hapa Dar, bila studio

Majuzi nilikuwa Tandika kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Ana madaftari yaliyojaa mashairi aliyotunga mwenyewe na wajukuu ambao mwandiko wake unawashinda. Alitaka angalau wayasikie. Alikuwa ameshaulizia studio, akatajiwa bei, akanyamaza. Nikamwambia, "Mwalimu, simu yako hiyo hiyo inatosha." Tuliyoyafanya ndiyo haya.

Unahitaji simu, earphone za waya, shairi lililoandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na godoro. Usikimbilie Kariakoo kununua maikrofoni. Maikrofoni nzuri kwenye chumba kibaya itakunasia ubaya wote wa chumba, tena kwa usafi zaidi.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti kwanza

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa jiji hili, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Unaweza kubishana naye kuhusu mashairi huru, lakini kwa mashairi ya vina na mizani jaribu mwenyewe uone. Chukua mshororo huu, nimeuandika kwa mfano tu:

Mvuvi ameingia, tanga lake limeshushwa

Mizani, yaani silabi, ni 8 kwenye ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 kwenye utao (kipande cha pili). Sasa usome haraka haraka, kama tunavyoongea kila siku. Ile "m" ya mwanzo inamezwa, "ameingia" inageuka "amengia", na ukwapi unabaki na mizani 6. Mshororo unachechemea wakati mtunzi hana kosa. Kwa hiyo "m" ipewe nafasi yake kamili, na irabu mbili zinazofuatana zisikike zote mbili. Usizikazie sana, zisikike tu.

Shika penseli. Piga mkwaju (/) mmoja pale kwenye mkato wa kati na miwili mwisho wa mshororo. Kwenye mkwaju mmoja unakata sauti kidogo bila kuvuta pumzi. Kwenye miwili ndipo unavuta. Kwa utenzi, ambao mishororo yake ni mifupi ya mizani 8, vuta pumzi baada ya mishororo miwili, la sivyo utasikika unahema.

Raha ya hatua hii ni kwamba sikio linakagua kuliko jicho. Mwalimu alikuwa anasoma shairi lake la harusi, akafika mahali akasimama, akarudia, akacheka: "Hapa pana shimo." Mzani mmoja ulikuwa haupo tangu siku aliyoliandika. Akachomeka neno, akafuta, akachomeka jingine, na nusu saa ikaishia hapo kwa furaha kabisa.

Hatua ya 2: Kusoma au kughani (kuliimba kwa mahadhi)

Amua mapema na usichanganye ndani ya shairi moja. Ukighani, chagua mahadhi mepesi ambayo koo lako linayamudu hadi ubeti wa mwisho, maana ubeti wa kwanza kila mtu anaumudu. Kibwagizo usikitoe kwa namna ile ile kila kikirudi. Kama kuna watoto nyumbani, wafundishe wakiitikie. Watalishika shairi zima bila kulazimishwa.

Hatua ya 3: Chumba

Hapa ndipo usiku wetu wote ulipoishia, kwa hiyo soma polepole.

Kuna maadui wawili: kelele na mwangwi. Watu wanawachanganya, lakini dawa zao ni tofauti.

Tuanze na kelele. Mchana sahau. Kuna bodaboda, kunguru, mafundi wa kuchomelea, na yule wa dawa ya kunguni, panya na mende mwenye spika begani. Jioni majirani wanafungulia muziki. Wakati mzuri uswahilini ni kuanzia saa nane usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri, na kunguru nao huanza mapema kuliko unavyodhani. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, angalia mawingu, kwa sababu mvua juu ya bati haisafishiki kwa programu yoyote.

Kelele za ndani ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa sikio lako limeshazizoea. Feni huisikii tena, lakini simu inaisikia. Zima. Ndiyo, kwa joto hili. Soma beti chache, washa feni, pumzika, zima, endelea. Friji nalo linanguruma kwa vipindi: unaanza limenyamaza, katikati ya ubeti wa nne linaamka. Lichomoe, kisha weka kandambili zako juu yake ili usiende kulala bila kulichomeka, samaki wasije wakaharibika. Taa zinazolia zizimwe. Saa ya ukutani itolewe nje.

Sasa mwangwi. Nyumba zetu nyingi za siku hizi zina vigae chini, plasta ukutani na madirisha makubwa ya vioo yenye fremu za aluminiamu. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaorudi, chumba hakifai bado. Watu hutundika kanga moja ukutani wakadhani wamemaliza. Kanga ni nyepesi mno, haifanyi kitu. Kinachomeza sauti ni unene: simamisha godoro la sponji nyuma ya simu, likikutazama, na blanketi zito mgongoni kwako. Kama una kabati la nguo lililojaa, fungua milango yake na usome ukiwa umelielekea. Mimi napenda njia hii kuliko zote. Kujifunika shuka gubigubi haishauriwi: utatoka jasho na sauti itatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Gari lililofungwa vioo ni zuri sana, mradi ni usiku na injini imezimwa.

Ukimaliza kupanga, rekodi dakika moja ya kimya, vaa earphone, ongeza sauti hadi mwisho, usikilize. Utasikia vitu ambavyo hukujua vipo ndani ya nyumba. Kwa Mwalimu tulisikia matone ya bomba la bafuni. Rudia hadi kimya kiwe kimya kweli.

Hatua ya 4: Rekodi

Weka simu kwenye hali ya ndege, maana meseji za muamala na matangazo huja hapo hapo. Isimamishe juu ya vitabu, usiishike mkononi, iwe shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili upepo wa "p" na "b" uipite. Simama wima. Chagua ubora wa juu, WAV (faili la sauti lisilobanwa) ikiwepo. Taja jina la shairi na mtunzi, nyamaza sekunde 10, kisha anza. Ukikosea usizime: nyamaza, rudi mwanzo wa ubeti, endelea.

Hatua ya 5: Safisha, lakini kidogo

Natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ni ya bure. Kata makosa. Zile sekunde 10 za kimya zinaifundisha programu kelele ya chumba ili iipunguze. Kuipunguza kwa desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kunatosha. Ukizidisha, sauti inakuwa ya majimaji na herufi "s" zinapotea. Pumzi usizifute zote. Na tafadhali usiweke kinanda wala mawimbi ya bahari chini ya shairi. Vina vinatosha.

Hatua ya 6: Hifadhi na tuma

Kwenye WhatsApp tuma kama faili la dokumenti. Ukimchezea mtu rekodi kwenye spika na kumrekodia ujumbe wa sauti, kazi yote ya godoro imepotea. Faili la WAV libaki nakala mbili, moja kwenye memori kadi na nyingine mtandaoni, na jina la faili liwe na jina la shairi na mwaka. Mwalimu ana mafaili yanayoitwa "sauti 001" mpaka "sauti 014" na sasa inabidi tuyasikilize yote upya ili tuyape majina. Yeye haoni tatizo lolote.