Kabla ya Kununua IST au Vitz ya Mkononi Kigoma

Anayetafuta gari dogo la mkononi hapa Kigoma kwa kawaida huanza na bei ya muuzaji, kisha huangalia rangi, viti na redio, na fedha zikishatoka mfukoni ndipo humwita fundi. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Magari tunayoyazungumzia, yaani Toyota IST, Vitz, Passo na ndugu zao, ni mavumilivu, na mafundi wa Mwanga na Ujiji wameyazoea. Hata hivyo vipuri vyake vikubwa huagizwa Kariakoo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, hivyo hitilafu inayomalizwa Dar es Salaam kwa siku moja huku inaweza kulilaza gari gereji wiki nzima. Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 halikosi kasoro. Linalopaswa kujulikana mapema ni kasoro zipi zinatengenezeka hapahapa na zipi ni za kuagizia.

Uchunguzi uanze asubuhi, injini ikiwa baridi. Mnunuzi aweke kiganja juu ya boneti kabla gari halijawashwa, na akikuta joto, aahirishe mpaka kesho yake. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kununua Vitz ambayo nilikuta imeshapashwa moto kabla sijafika. Nililipuuza jambo hilo, na wiki ya tatu nikaanza kuona kila alfajiri moshi wa buluu ukitoka kwenye eksosi kwa dakika moja hivi, kisha kutoweka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za valvu zilizochoka. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Na mweusi ni petroli inayozidi, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu kuitibu.

Injini za IST, ya cc 1,300 na ile ya cc 1,500, zina bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa kinachoufunika juu) za alumini, na alumini haivumilii kuchemka. Gari likichemka mara moja tu barabarani, hedi inaweza kupinda na gasketi iliyo kati yake na bloku kuungua. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kifunguliwe, injini ikiwa bado baridi, na yatazamwe yaliyomo. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, yenye rangi safi ni habari njema. Maji ya kutu, au maji matupu ya bomba, yanaeleza jinsi gari lilivyotunzwa: maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya alikali, pH yake ikikaribia 9, na yana madini ambayo yakichemshwa mara kwa mara huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika, nao ukoko huo huziba njia nyembamba za rejeta. Kifuniko cha oili nacho kifunguliwe. Utando unaofanana na chai ya maziwa chini yake unaweza kumaanisha kwamba maji na oili vimekutana. Injini hizi hutumia cheni ya taimingi, inayozifungua valvu kwa wakati wake, wala hazina mkanda wa kazi hiyo, kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba juzi amebadilisha "belti ya taimingi" ya IST ama anadanganya, ama fundi wake alimdanganya yeye. Cheni iliyolegea, mara nyingi kwa kucheleweshewa oili, hukereketa sekunde chache za mwanzo.

Gia boksi ndiyo inayohitaji subira zaidi. IST za toleo la kwanza, lililoanza mwaka 2002, zina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Za toleo la pili, lililoanza mwaka 2007, nyingi zenye injini ya cc 1,500 zina CVT, ambayo haibadilishi gia kwa hatua, bali huzungusha mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Kila moja ina oili yake, na kuijaza CVT oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu "zote ni haidroliki" ni njia fupi ya kuiua. Bahati nzuri mji wetu una milima ya kutosha kwa majaribio: gari liendeshwe kutoka stesheni kupanda kuelekea Mwanga, taratibu na likiwa na watu wanne ndani, kisha lirudiwe mara ya pili likiwa limeshapata joto. Likisita, likitetemeka, au injini ikipiga kelele bila mwendo kuongezeka, mnunuzi achukulie kwamba gia boksi ni ya kubadilishwa. Kwa kawaida hufungwa nyingine ya mtumba, isiyo na uhakika wa maana, na gharama yake ni ya pili tu baada ya injini yenyewe.

Bushi, bolijointi na taiodi, yaani viungo vya miguu na usukani, pamoja na brekipedi, huisha haraka kwa mashimo na vumbi letu jekundu, lakini zinapatikana mjini na kazi yake ni ya siku moja. Mlio wa "gong" chini ya gari usimtie mtu hofu. Uwe hoja ya kupunguziwa bei. Shokapu zinazovuja ni ghali kidogo zaidi, na hubadilishwa mbili mbili. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na eksosi zikaguliwe kwa kulala chini, hasa kwa gari lililokuwa likienda vijijini wakati wa masika.

Tairi zina tarehe: tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwake huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ya miaka minane ihesabiwe kuwa haipo. Taa ya injini nayo iwake swichi inapofunguliwa na izimike injini ikishawaka. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi.

Baada ya hapo, fundi, ambaye asiwe aliyeletwa na dalali, aandike kila kipuri kinachohitajika, na mnunuzi aulize bei katika maduka mawili ya mjini na kwa simu Kariakoo, aongeze nauli ya mzigo na ufundi. Tuseme gari linauzwa shilingi milioni 9 na orodha imefika milioni 1.4: gari hilo ni la milioni 10.4, na mazungumzo yaanzie hapo. Binafsi nisingenunua bila kubakiwa na walau sehemu moja ya kumi ya bei kwa ajili ya miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu ndiyo miezi ambayo siri za mwenye gari wa zamani hujitokeza.

Kuhusu karatasi, namba ya chesisi ilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayepokea fedha, na deni la faini za trafiki liangaliwe kwa namba ya gari kabla ya mkataba kusainiwa mbele ya wakili. Muuzaji akisema kadi ipo kwa shemeji yake Kasulu, malipo yasubiri shemeji huyo afike nayo.