Kusaka jeni ambazo kirusi huzihitaji ili kuingia ndani ya seli

Kanuni ni hii: zima jeni moja katika kila seli, kisha tafuta seli ambazo kirusi kimeshindwa kuziingia. Badala ya Ebola hai, tumia kirusi bandia: lentivirusi (kirusi cha jamii ya VVU) isiyoweza kuzaliana, iliyovishwa protini ya uso wa Ebola na kubeba jeni ya GFP, protini inayong'aa kijani. Seli iliyoingiliwa hung'aa kijani.

Hatua ya 1: hesabu. Maktaba ya Brunello, mkusanyiko wa kuzima jeni za binadamu, ina vielekezi vya RNA 77,441, takriban vinne kwa kila jeni; kila kielekezi huiongoza Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA, hadi kwenye jeni yake. Kila kielekezi kiwe ndani ya seli 500, yaani seli milioni 39. Vielekezi huingizwa kwa lentivirusi nyingine; kwa dozi ya chembe zake 0.3 kwa seli, asilimia 26 tu ya seli ndizo hupokea, hivyo anza na seli milioni 150 zenye Cas9. Usipandishe dozi ili kupunguza kazi. Kwa 0.3, seli 86 kati ya 100 zilizopokea hubeba kielekezi kimoja. Kwa dozi ya 1 hubaki 58, na hutajua ni jeni ipi iliyozuia kirusi.

Hatua ya 2. Ua seli zisizopokea kwa puromaisini, dawa ambayo seli zilizopokea kielekezi huistahimili, kisha subiri hadi siku ya 8 au 10. Jeni hukatwa mapema, lakini protini iliyokwisha kutengenezwa huchukua siku kadhaa kuisha. Kila unapogawa seli, usishuke chini ya milioni 39: kielekezi kilichopotea hakirudi.

Hatua ya 3. Tia kirusi bandia mpaka zaidi ya asilimia 90 zing'ae. Zikifika 60 tu, zilizobaki nyingi zimekoswa kwa bahati na zitafunika chache unazozitaka. Tenga zisizong'aa, hifadhi pia sampuli isiyochujwa, soma vielekezi vya pande zote mbili na ulinganishe kwa programu ya MAGeCK.

Hatua ya 4. Tazama NPC1 kwanza, jeni ya protini ya ndani ya seli ambayo Ebola hujishikiza kwayo. Tangu 2011 inajulikana kwamba Ebola haiingii bila hiyo. Ikiwa haiko kileleni mwa orodha, rudia jaribio kabla ya kufasiri lolote. Fanya jaribio sambamba kwa lentivirusi iliyovishwa protini ya VSV, kirusi kingine cha wanyama. Jeni zinazojitokeza kote kuwili huenda zinaihudumia lentivirusi yenyewe, ingawa zile za kutia asidi kwenye endosomu (vifuko vinavyoingiza vitu ndani ya seli) huhitajiwa kweli na virusi vyote viwili. Jeni yenye ndugu wa kuishikia zamu, kama LDLR, kipokezi cha VSV juu ya seli, inaweza isionekane kabisa.

Hatua ya 5. Zima kila jeni teule upya kwa vielekezi viwili tofauti, kisha irudishe ikiwa na herufi za DNA zilizobadilishwa pale Cas9 inapokata, bila kubadili protini. Ikiwa hata baada ya kuirudisha seli bado hazing'ai, kuna kingine kilichokatwa.