Jinsi ya kusoma riwaya za mapenzi na msiba za Australia bila kuachia njiani

Watu wengi ukiwatajia riwaya ya Australia wanawaza kangaruu na jangwa, basi. Kumbe kwenye mapenzi na msiba wale jamaa wako vizuri sana, ila vitabu vyao vina namna yake, ukiingia kichwa kichwa utaona kurasa mia zinapita hakuna kitu, watu wanafuga kondoo, wanaziba uzio, mvua haijanyesha, mume na mke wanakula bila kusemeshana, mwisho unafunga kitabu unasema kinaboa. Hapa naeleza mimi navyovisoma, na kubwa langu ni moja: visome viwili viwili. Kimoja cha walowezi, kimoja cha wenyeji wenye ardhi yao. Maana msiba wa hawa na wa wale umetokea kwenye udongo uleule, na ukisoma upande mmoja tu unakuwa umesikia nusu ya stori.

Kwanza shika miaka michache kichwani, huhitaji kozi ya historia. 1788 Waingereza wanashusha wafungwa wao pale Sydney, na nchi wanaihesabu haina mwenyewe wakati wenyeji wapo makumi ya maelfu ya miaka (mpaka 1992 ndo mahakama kuu, kwenye kesi ya Mabo, ikaitupa hiyo hoja). Kuanzia 1914 hadi 1918 vita, nchi ya watu wasiofika milioni tano inapoteza wanaume kama 60,000, ndo maana riwaya zinazosimulia miaka ya 1920 zimejaa wajane, wachumba waliobaki na picha ukutani, na wanaume waliorudi na viungo vyote ila usiku hawalali. Halafu kwa miongo mingi ya karne ya 20 serikali ilikuwa inachukua watoto wa wenyeji kwa nguvu, inawapeleka kwenye vituo na kwenye familia za wazungu, na baadaye sana waziri mkuu wa wakati huo Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Hilo la watoto likamate vizuri, tunalirudia sasa hivi.

Na msimu usikuchanganye, Krismasi kule ni joto la kutoa jasho na Julai ni baridi. Watu wa Njombe na Mbeya hawatashangaa.

Sasa cha kuanzia. Mimi nampa kila mtu The Light Between Oceans ya M. L. Stedman, ya 2012. Tom Sherbourne ametoka vitani, anapata kazi ya kutunza mnara wa taa kwenye kisiwa cha Janus, mbali huko baharini kusini-magharibi mwa Australia, yeye na mkewe Isabel peke yao, boti ya mahitaji inakuja kwa nadra sana. Isabel mimba zinaharibika mbili, ya tatu mtoto anazaliwa amekufa. Wiki mbili tu baada ya kumzika, Aprili 1926, mawimbi yanaleta boti ndogo, ndani kuna mwanaume amekufa na kichanga kinalia. Na Isabel bado ana maziwa kifuani.

Hapo punguza spidi kabisa. Wengi wanakimbilia kujua mtoto watakaa naye au hawakai naye, lakini we angalia kitabu cha kumbukumbu cha mnara. Kazi ya Tom ni kuandika kila kitu, meli imepita saa ngapi, upepo unatoka wapi, mafuta yamebaki kiasi gani, na ni mtu ambaye baada ya yale aliyoyaona vitani hicho kitabu ndo kinamshikilia. Mke anamwomba asubiri, asiandike kwanza, asitume ishara bara kwanza. Na yeye hajaandika. Mwandishi hakupi kurasa kumi za machozi, anakupa mstari ambao haukuandikwa, na kuanzia hapo ndoa yote inakalia huo mstari. Mimi nikifika pale huwa narudi nyuma nasoma tena.

Hiyo ndo kanuni ya kwanza ukitaka kuiita kanuni: kwenye riwaya hizi angalia mikono, usingoje maneno. Mwanaume wa kule wa enzi zile haongei habari za moyo, ila ukiona ghafla anasugua lenzi ya taa ambayo tayari inang'aa au anapiga rangi mlango usio na shida, jua kuna kitu kinamtafuna. Na tarehe nazo zitazame, boti imefika tarehe 27 Aprili, na tarehe 25 Aprili ndo siku yao ya kuwakumbuka wanajeshi, hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Siendelei, nisije nikakumalizia utamu.

Baadaye utagundua mtoto ana mama yake, yuko hai, anaishi palepale bara, anatafuta. Sasa ndo unachukua kitabu cha pili, The Yield ya Tara June Winch, ya 2019, mwandishi mwenyewe Mwiradjuri, moja ya jamii za wenyeji. Binti anaitwa August amekaa Uingereza miaka, anarudi kwao New South Wales kumzika babu yake, anakuta kampuni ya migodi inataka ardhi ya familia. Mji wa kubuni, na jina lake mwandishi hakulificha, Massacre Plains, yaani tambarare za mauaji. Dada yake August alipotea wakiwa wadogo, hajaonekana mpaka leo, kwa hiyo ni msiba juu ya msiba. Babu naye kabla hajafa alikuwa anaandika kamusi ya lugha yao.

Ukivisoma hivi viwili kwa kufuatana kuna kitu kinakugonga ambacho Stedman mwenyewe hakukisema popote. Pale mnarani watu wawili wenye mapenzi tele wamekaa na mtoto wa mtu na wanajiaminisha kwamba ni kwa faida ya mtoto, na miaka ileile, nchi ileile, serikali ilikuwa inatumia maneno hayohayo kuchukua watoto wa wenyeji. Isabel unamhurumia, na ni haki yake kuhurumiwa kwa kweli, lakini ukishatoka kwa kina August hiyo huruma inakuwa na uzito mwingine. Ndo maana nasema viwili viwili.

Namna ya kuisoma The Yield: sauti ziko tatu, August, babu na kamusi yake, na barua ya mchungaji wa misheni ya zamani. Kosa la wengi ni kuruka kamusi wakidhani ni mapambo. Usiruke hata neno moja, babu anasimulia maisha yake mle ndani, na vitu vingine August havijui lakini wewe msomaji unavijua tayari, unakaa unasubiri avipate.

Kingine cha kujua kabla: kwenye jamii nyingi za wenyeji wa Australia mtu akifa jina lake halitajwi kwa kipindi fulani, ndo maana hata vipindi vya TV na vitabu vingine vinaanza na onyo kwamba kuna majina na picha za waliofariki. Kwa hiyo ukiona kwenye riwaya zao marehemu anaitwa kwa uhusiano tu au wanamzungukazunguka, usidhani mwandishi kasahau kumpa jina.

Ukishazoea, ingia The Narrow Road to the Deep North ya Richard Flanagan, ilichukua tuzo ya Booker 2014. Hii ina moyo na ina damu. Daktari Dorrigo Evans anampenda mke wa mjomba wake, Amy, halafu Vita vya Pili vya Dunia vinamchukua na Wajapani wanamteka, anaishia kwenye ujenzi wa reli ya Thailand na Burma, kilomita 415 za msitu zilizojengwa kwa mikono ya mateka na vibarua wa Kiasia, Waaustralia peke yao walikufa karibu 2,800 na vibarua wa Kiasia walikufa wengi zaidi sana. Baba yake Flanagan alikuwa mmoja wa mateka hao na alifariki siku ileile mwanawe alipomwambia kitabu kimekamilika. Muda unarukaruka, kwa hiyo kaa na penseli, andika pembeni sasa tuko kabla ya vita, vitani, au uzeeni. Sehemu za kambini kuna upasuaji unaofanyika bila vifaa, mimi sikuweza kula nikisoma, kwa hiyo usiisome mezani. Na barua zikianza kutajwa zisome taratibu, nani kamwandikia nani na alikuwa anataka nini.

The Thorn Birds ya Colleen McCullough (1977) ndo ile ya padri Ralph anayependana na Meggie, ranchi ya Drogheda, ukame, moto, wivu, yote. Kitabu kikubwa lakini kinakimbia, ni umbea mtupu wa vizazi vitatu na sioni aibu kusema nilikipenda. Kina sehemu saba, kila moja ina jina la mtu na miaka yake, ukipotea rudi pale. Ila tazama pia nani hayupo: ranchi kubwa vile na wenyeji wenye ardhi yao karibu hawaonekani. Sirizi ya 1983 iache mpaka umalize.

Huna hela ya vitabu? My Brilliant Career ya Miles Franklin ni ya 1901, iko bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, unashusha kwenye simu. Binti wa shamba, baba mlevi, ukame umewafilisi, mwanaume tajiri anamtaka, na yeye anataka kuandika. Mwandishi aliianza akiwa bado kijana mdogo na hasira zake unazisikia mpaka leo.

Jina la huyo mwandishi ndo limepewa tuzo kubwa ya riwaya kule, inatolewa tangu 1957 kwa vitabu vinavyohusu maisha ya Australia, kwa hiyo ukiishiwa cha kusoma pitia orodha ya washindi. The Yield ilishinda 2020, na mwaka kabla yake ilishinda Too Much Lip ya Melissa Lucashenko, dada anakuja na pikipiki ya wizi kumuaga babu yake anayekaribia kukata roho, halafu anajikuta kampenda mzungu, tena kwenye familia ambayo haina hamu na mzungu yeyote. Kama unataka kucheka katikati ya msiba anza na hiyo, ila matusi ni mengi, usiisome kwa sauti mbele ya wakwe.