Somo: Kusoma barua pepe ya kazi kwenye simu yako bila kuanika siri za wagonjwa

Habari za kazi, ndugu zangu. Jambo hili nimeulizwa kwenye korido, kwenye kikao cha asubuhi na hata usiku wa manane kwa simu kutoka wodini, kila mara kwa maswali yale yale, nami nimeona niliandike lote kwa pamoja ili anayeuliza aelekezwe hapa. Nilikuwa muuguzi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kitengo cha TEHAMA cha hospitali yetu, kwa hiyo ninaandika nikiijua meza ya wauguzi ilivyo na shughuli.

Maelezo haya yanahusu hospitali zinazotumia Microsoft 365. Walio kwenye mfumo wa barua pepe wa Serikali ya Tanzania, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), wafuate taratibu za maafisa TEHAMA wa taasisi zao katika hatua ya tatu hadi ya tano. Hatua nyingine zinawahusu sawasawa.

Hatua ya 1. Weka namba ya siri ya tarakimu sita kwenye simu, siyo mchoro wa kuunganisha nukta ambao kidole huacha alama yake kwenye kioo, kisha sasisha mfumo wa simu.

Hatua ya 2. Pakua Outlook, yaani programu ya barua pepe ya Microsoft, kutoka Play Store au App Store, na kamwe usiipakue kwa kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 3. Fungua Outlook, andika anwani yako kamili ya kazi, nawe utapelekwa kwenye ukurasa wa kuingilia wa hospitali. Ukiona simu inakuuliza jina la seva na namba ya mlango, umepotea njia. Rudi nyuma uanze upya. Utaratibu wa zamani wa kuingia kwa nywila peke yake Microsoft ilianza kuuzima tarehe 1 Oktoba 2022, na maelekezo mengi ya kabla ya hapo bado yanazunguka mitandaoni. Msitumie programu ya barua pepe iliyokuja na simu hata kama inakubali, kwa sababu siku simu ikipotea na msimamizi akalazimika kutuma amri ya kufuta, amri hiyo inaweza kufuta simu nzima pamoja na picha za watoto wako, ilhali kwenye Outlook hufutwa mambo ya Outlook tu.

Hatua ya 4. Pakua Microsoft Authenticator, programu inayothibitisha kwamba anayeingia ni wewe kweli, na uiunganishe na akaunti yako kwa kupiga picha msimbo wa QR unaotokea kwenye kompyuta ya kazini. Kuanzia siku hiyo, kila unapoingia mahali papya utaonyeshwa namba ya tarakimu mbili, nawe utaiandika kwenye Authenticator. Ombi likija na wewe hujaingia popote, maana yake ni kwamba mtu mwingine anayo nywila yako na yuko mlangoni. Likatae, badilisha nywila, kisha utupigie. Usiidhinishe ombi ili tu simu inyamaze ulale, kwani wezi wa akaunti hutuma maombi hayo usiku wakitegemea uchovu wako.

Hatua ya 5. Kama hospitali yenu inadai Company Portal, yaani programu ya Microsoft ya kuisajili simu yako chini ya usimamizi wa kazini, ipakue na ufuate maelekezo yake. Kwenye Android itatengeneza wasifu wa kazini, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya simu yako, ambayo programu zake zina alama ndogo ya mkoba. Kwenye iPhone utaombwa kukubali usimamizi ndani ya mipangilio ya simu.

Hatua ya 6. Hapa naomba msiruke hata neno moja, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi, na aliyeumia hakuwa mimi.

Nilikuwa zamu ya usiku, nimeiacha simu ikichajiwa juu ya meza ya wauguzi, kioo kikiangalia dari. Maabara ikatuma barua pepe ambayo kichwa chake cha habari kilikuwa na majina matatu ya mgonjwa, yakifuatiwa na herufi CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu kwa wanaoishi na VVU. Simu ikawaka. Shemeji wa mgonjwa yule alikuwa amesimama mbele ya meza akisubiri kuuliza saa za kuona wagonjwa, naye aliisoma kabla yangu. Nywila yangu haikuibwa, namba yangu ya siri ilikuwa imara, na wala hakuna aliyeigusa simu. Ilijisemea yenyewe ikiwa imefungwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo cha VVU yawe siri, nami nilikuwa naifahamu sheria hiyo tangu chuoni. Mgonjwa alijua kwamba habari zake zimefika nyumbani kwake kabla sijapata ujasiri wa kwenda kitandani kwake kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akageukia ukutani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Arifa, utafute sehemu inayohusu skrini iliyofungwa. Zima arifa nyeti. Ukiwa na wasifu wa kazini, utakuta swichi nyingine inayohusu wasifu huo peke yake. Nayo izime, kwa sababu kuzima ya kwanza hakuizimi ya pili, na hapo ndipo wengi hudhani wamemaliza. Tecno, Samsung na Infinix hupanga mipangilio kwa namna tofauti, basi tumia kisanduku cha kutafuta kilicho juu. Kwenye iPhone fungua sehemu ya arifa, chagua Outlook, na uamuru maandishi yasionekane mpaka simu ifunguliwe.

Tahadhari ya kwanza: saa ya mkononi iliyounganishwa na simu huonyesha arifa zile zile, na unapompima mgonjwa shinikizo la damu mkono wako uko mbele ya macho yake. Tahadhari ya pili: usiandike jina la mgonjwa wala ugonjwa kwenye kichwa cha barua pepe, hata kama barua yenyewe imesimbwa, kwa kuwa usimbaji tunaoutumia huficha mwili wa barua na viambatisho, lakini kichwa huachwa wazi. Andika namba ya jalada, au andika tu «Majibu ya maabara, wodi namba 4». Tahadhari ya tatu: masasisho ya mfumo wakati mwingine hurudisha mipangilio ya mwanzo, kwa hiyo kagua upya kila baada ya kusasisha.

Hatua ya 7. Funga simu, iweke mezani, mwombe mwenzako akutumie barua pepe ya majaribio, na usome kinachotokea kwenye kioo kama vile wewe ni yule shemeji.

Maswali yenu niliyoyapokea na majibu yake

Tabibu wa Zahanati: Asante kwa somo, mkuu. Sijasoma lote kwa sababu ya muda. Naomba unitumie jina la seva na namba ya mlango nijaze haraka.

Jibu: Tafadhali soma hatua ya tatu.

Mfamasia: Shikamoo. Mimi nilifunga simu yangu kwa alama ya kidole na nina hofu na hiyo Company Portal, kwa sababu wenzangu wanasema mwajiri ataanza kusoma meseji zangu na kuona picha zangu. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako ni la msingi, na ninatamani kila mtu angeliuliza kabla ya kukubali. Kwa simu yako binafsi yenye wasifu wa kazini, msimamizi huona aina ya simu, toleo la mfumo wake, iwapo imefungwa kwa namba ya siri, na programu zilizomo ndani ya sehemu ya kazi. Haoni picha zako, meseji zako, simu ulizopiga, tovuti ulizotembelea, wala programu zilizo upande wako. Ukiacha kazi au simu ikipotea, hufuta sehemu ya kazi na kuuacha upande wako kama ulivyokuwa. Ila kama simu umepewa na hospitali, mambo hubadilika, kwani kifaa chote ni cha mwajiri; humo usiweke mambo ya nyumbani.

Daktari wa Zamu: Haya yote ni usumbufu. Mimi nimeweka barua pepe zote za kazi zijitume zenyewe kwenye Gmail yangu binafsi na sijawahi kupata tatizo.

Jibu: Daktari, kwa heshima zote, naomba uuondoe mpangilio huo leo. Barua ikishaingia kwenye akaunti yako binafsi, hospitali haiwezi kuifuta barua hiyo simu yako inapoibwa, haiwezi kujua nani ameisoma, na haiwezi kumlinda mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Kutokuona tatizo hakumaanishi kwamba halijatokea. Mgonjwa ambaye siri yake imevuja mara nyingi haji kwetu kutuambia, huhama kituo.

Daktari wa Zamu: Mbona unanisema kama mwizi? Nilitaka tu kusoma majibu nikiwa nyumbani.

Jibu: Sikukusudia hivyo, na uniwie radhi kama maneno yangu yamekuumiza. Kusoma majibu ukiwa nyumbani ndiyo sababu ya somo hili lote. Fuata hatua ya pili hadi ya sita, utayasoma ukiwa nyumbani, na Gmail haitahitajika.

Muuguzi wa Kijijini: Kituo chetu mtandao hupotea kwa saa nyingi. Authenticator itanifungia nje?

Jibu: Hapana. Ndani ya Authenticator, ukiigusa akaunti yako, utakuta namba ya tarakimu sita inayobadilika kila sekunde 30, na namba hiyo hutengenezwa ndani ya simu yenyewe bila bando wala mtandao. Mtandao unahitajika kwenye kifaa unachoingilia tu. Hakikisha saa ya simu yako imewekwa ijirekebishe yenyewe, kwani ikichelewa kwa dakika chache namba hizo zitakataliwa. Ukiandika barua pepe bila mtandao itasubiri kwenye kikasha cha kutoka na kuondoka mtandao ukirudi. Kabla hujamkabidhi mwenzako zamu, kifungue uone kama imeondoka kweli, maana nimewahi kukuta rufaa ya mama mjamzito imelala humo tangu asubuhi.

Fundi Sanifu Maabara: Nimenunua simu mpya, ya zamani nimeshamuuzia shemeji yangu, sasa Authenticator inadai nithibitishe kwa simu ya zamani.

Jibu: Njoo ofisini na kitambulisho chako cha kazi, tukufungulie upya, kwa simu hatufanyi, kwa sababu matapeli nao hupiga wakidai wamebadilisha simu. Kwa wengine: unganisheni simu mpya wakati ya zamani bado iko mkononi. Nakala ya akiba ya Authenticator hurudisha jina la akaunti ya kazi tu, nawe utatakiwa kuingia upya. Na simu ya zamani, je, uliirudisha kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuiuza?

Fundi Sanifu Maabara: Hapana.

Jibu: Basi mpigie shemeji sasa hivi, kabla ya kuja kwangu.

Muuguzi wa Nairobi: Sisi tunatumia tableti moja kwa wodi nzima na tunapokezana. Tufanyeje? Halafu ningependa kuongeza kwamba huku Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mwajiri saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data taarifa zinapovuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, kwa hiyo ukikaa na habari ya simu iliyopotea siku mbili, umemmalizia mwajiri sehemu kubwa ya muda wake.

Jibu: Asante sana, dada, kwa nyongeza hiyo, hata hapa Tanzania nawasihi mtoe taarifa saa ile ile simu inapopotea, hata kama ni usiku na mnaona haya. Kuhusu tableti ya wodi, isiwe na barua pepe ya mtu binafsi hata mmoja. Ombeni sanduku la pamoja la wodi, na msimamizi wenu aisajili tableti kama kifaa cha kupokezana, ambapo kila anayeanza zamu huingia kwa jina lake na akitoka hutolewa kwenye programu zote za kazi zilizounganishwa. Nywila moja iliyobandikwa nyuma ya tableti huifanya wodi nzima ishindwe kujua nani alisoma nini.

Mtunza Kumbukumbu: Nje kidogo ya mada: picha za vidonda ambazo madaktari hututumia WhatsApp huonekana kwenye picha zangu za familia. Mwanangu alizikuta.

Jibu: Haiko nje ya mada hata kidogo. Kwenye mipangilio ya soga ya WhatsApp zima kuonekana kwa picha kwenye maktaba ya simu, futa zilizokwisha kuingia, kisha ukague na nakala zilizopanda Google Photos, kwani kufuta upande mmoja hakuhakikishi upande wa pili. Baada ya hapo mwombe daktari apige picha kwa kamera iliyo ndani ya sehemu ya kazi na aitume kwa Outlook. Akikataa, niambie, nitakwenda kuzungumza naye mimi mwenyewe.

Tabibu wa Zahanati: Nimesoma sasa. Imekubali. Ila arifa bado zinaonekana nikifunga simu.

Jibu: Umezima swichi moja. Rudi kwenye hatua ya sita, tafuta ile ya wasifu wa kazini.